Ukuta wa Hawe

"Nimesema kesho nauangusha," Garama alisema. "Nyundo nimeshaazima."

"Na mama yako alale wapi?" Mbeyu aliuliza.

"Utange, kwa dada. Mpaka nijenge mwingine."

"Wa jikoni ulisema utajenga lini? Mwaka wa tatu huu napikia nyuma ya turubai."

Garama alionyesha sakafuni. Karatasi nene nyeupe, waliyobandika ukutani ili wapake rangi juu yake, ilikuwa imeporomoka tena. Hii ilikuwa mara ya pili.

"Karatasi ilikuwa wazo lako, Mama Kai."

"Na gundi uliikoroga wewe."

Nyumba yao iko Frere Town. Baba yake Garama aliijenga kwa mawe ya matumbawe, akapiga lipu kwa mkono. Kuta zake zina mabonde na vilima. Chumba chenye ukuta huo ni cha mama yake Garama, ambaye wote humwita Hawe, yaani bibi. Alikuwa ameketi mlangoni, mfuko wake wa nguo miguuni. Mbeyu alimtazama, roho ikamuuma. Mzee huyu akienda Utange, hatarudi. Garama amewahi kumaliza kujenga nini?

"Hodi," sauti iliita. Alikuwa Jalila, jirani yao, fundi wa rangi. Ndiyo kwanza anatoka kazini. "Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu."

"Ugomvi wenu umefika dukani. Shemeji, kabla hujamuua mgonjwa, nimpime."

Aliokota karatasi, akaigeuza. Mgongo wake ulijaa unga mweupe. Kisha akasugua ukuta kwa mkono wa buibui lake. Nguo nyeusi ikawa nyeupe.

"Gundi yako ni nzuri, shemeji. Karatasi imeshika chokaa barabara. Chokaa ndiyo iliyouachia ukuta. Nani aliipaka?"

"Mimi," Hawe alisema. "Kila Krismasi, tangu Garama hajaota meno."

"Ulitia chumvi?"

"Konzi mbili kwa debe. Ndiyo ishike."

Garama alimtazama mama yake. Mbeyu alitazama dari.

"Msimtazame hivyo," Jalila alisema. "Watu wengi hutia. Chokaa juu ya chokaa haina neno. Lakini chumvi huvuta unyevu, na unyevu huikataa karatasi. Ukuta wenyewe sijauona ubaya."

Aligonga kwa kifundo cha kidole, kutoka chini kwenda juu. Ukuta ulitoa sauti nzito. Karibu na dirisha tu ulilia kama debe tupu.

"Hapa lipu imeachana na jiwe. Ibomoeni hapo peke yake, mzibe upya. Kwingine ni kukwangua."

"Nyumba haianguki?" Mbeyu aliuliza.

"Itawazika nyote."

Mbeyu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alichukua nyundo, akamtia mumewe mkononi. "Irudishe ulikoitoa. Ukirudi, njoo na skrepa ya Jalila, tukwangue."

Garama aliguna, akaenda. Akarudi na skrepa.

Walifunga pua kwa vitambaa. Walilowesha ukuta kidogo kidogo ili vumbi lisiruke, wakakwangua. Chini ya nyeupe ilitokea bluu.

"Hiyo ya harusi yenu," Hawe alisema.

Walipofika kwenye lipu waliosha kwa maji safi, wakafungua madirisha na kungoja. Siku ya tano chumvi ilichomoza tena kama ukungu. Garama alitaka kuiosha.

"Usiimwagie maji, itarudi ndani," Jalila alimkataza. "Ifagie kavu, uizoe, uitupe."

Waliifagia mara tatu, hadi haikutoka tena. Ndipo wakabomoa lipu ya pale dirishani, wakapaziba upya pamoja na mabonde. Jalila aliegemeza ubao ulionyooka ukutani. Palipoonyesha mwanga chini ya ubao, ndipo palipokuwa na bonde.

"Shimo refu usilijaze mara moja," alisema. "Litapasuka. Paka nyembamba, ikauke, paka tena."

Walipiga msasa, wakafuta vumbi. Wakapaka gundi iliyozimuliwa kwa maji, ikauka. Kisha karatasi ikapanda, kingo zikigusana bila kupandana. Walingoja siku mbili kabla ya rangi. Garama alilalamika siku zote mbili.

Rangi ilipokauka, Mbeyu alimwita Hawe. Mzee aliingia polepole. Alisugua ukuta kwa leso yake nyeusi, akaitazama. Ilikuwa nyeusi vilevile.

"Na Krismasi mtanipa kazi gani?" aliuliza.

"Kukaa," Mbeyu alisema.

"Nasikia Utange kuna upepo mzuri."

"Upepo utauona ukienda kuwasalimu. Kulala ni hapa. Baba Kai, kitanda."

"Rangi bado inanuka. Tungoje kesho," Garama alisema.

"Madirisha yako wazi tangu juzi. Sasa hivi."

Walikishika huku na huku, wakakitoa sebuleni, wakakiingiza chumbani. Hawe alikifuata na mfuko wake, akaufungua, akaanza kutundika nguo msumarini nyuma ya mlango.

"Mto uwe upande wa ukuta huu," alisema.

Garama aligeuza kitanda.