Birika la Mteja wa Boston

Hapa Newport hakuna ajuaye vyombo vya fedha kunishinda mimi. Nyumbani kwangu, lakini, uji nanywa kwa kijiko cha mti, basi nisikilizeni hivyo hivyo.

Mehitable aliingia kiwandani kwa Peleg Tripp, mfua fedha, kuagiza vijiko vya harusi. Jumapili mchungaji angetangaza kanisani kwamba anaolewa na Gideon Almy, mwenye meli, chaguo la baba yake. Vijiko vilikuwa kisingizio; baba yake mwenyewe ni mfua fedha. Alitaka Peleg amzuie, ila mwanamke hatangazi njaa mlangoni kwa jirani, akauliza tu kama ana neno la kumwambia.

Peleg akasema hana, wala hajawahi kumfikiria. Almy ni mtu mwema, akasema, na nyundo yake ikawa inapiga hovyo.

Ndipo Mehitable akaliona birika rafuni. Lilianza kama bamba bapa la fedha, likapigwa, likatiwa moto, likapigwa tena, mpaka likajikunja likawa tumbo la mviringo lisilo na kiungo. Dirisha zima na mawingu yake vilionekana ndani ya mng'ao wake. Akashusha sauti kama aliye kanisani.

—La nani hili?

—La mteja wa Boston. Ameghairi.

Akaligeuza. Ubavuni palikuwa pamesuguliwa kuzidi pengine. Yeye ni binti wa mfua fedha, na ujanja wa nyumbani anao: akalisogeza mdomoni, akalipumulia polepole. Mvuke ukatanda, na ndani ya mvuke zikafufuka herufi zilizofutwa. T juu, P na M chini. Chombo cha ndoa hapa huandikwa hivyo: ukoo juu, mume kushoto, mke kulia.

Akamgeukia Peleg.

—Mteja wako naye ni Tripp?

—Ni… ndugu yangu. Philip.

—Mama yako kanilea mimi, fundi. Huyo Philip sijamsikia hata siku moja. Na mkewe nani?

Mvuke ukakauka, herufi zikazama. Mehitable akapuliza tena, akamwekea birika mbele ya macho.

—Nisomee. Hii M ni nani?

Peleg akaweka nyundo chini. Masikio yalikuwa mekundu kama makaa.

—Martha.

—Haya. Basi Martha amemkataa Almy. Anakwenda kumwambia baba yake sasa hivi. Bado humfikirii?

Peleg akafungua mdomo, na uongo ukagoma kutoka.