Mwanamke wa Chapa ya Kwanza

Picha ilikuwa na mwanamke mmoja zaidi.

Godelieve aliijua picha ile. Mji mzima wa Ostende uliijua. Maandamano ya kanivali, watu wamevaa vinyago, meya ana kichwa cha bata, askofu kapanda nguruwe: hata vinyozi waliitundika ukutani. Lakini hii aliyoileta mumewe Wannes, muuza picha za kale, ilikuwa miongoni mwa chapa za mwanzo kabisa, kabla bamba la shaba la kuchapia halijarekebishwa. Na nyuma ya meya alisimama mwanamke, mabega wazi, akiwatazama wanaomtazama.

"Mke wa mchoraji alimkwangua kwenye shaba kwa mkono wake," Wannes alisema. "Wivu tu."

"Nawe umemkodolea tangu asubuhi. Kahawa imepoa."

"Namchunguza, mke wangu."

"Mimi mara ya mwisho ulinichunguza lini?"

Alicheka. Hakugeuka.

Siku ya tatu kola ya Wannes ilinuka tindikali ya wachonga shaba na maua ya urujuani. Mtu ambaye kuoga kwake kulihitaji mjadala sasa alinyoa ndevu mara mbili kwa siku. Adhuhuri, Godelieve alisikia kicheko cha kike dukani, chepesi, cha mtu anayetekenywa, akausukuma mlango na kumkuta mumewe peke yake, kainamia picha, midomo myeusi kwa wino.

Alimwita Philomène, bibi anayekarabati karatasi za kale. Bibi alinusa, akarudi hatua mbili.

"Pepo huyu, mwanangu," alinong'ona. "Shaba ilikuwa mzizi wake, nao ulishakatwa. Karatasi hii ndiyo gereza lake. Ifunike, ifungie. Usithubutu kuikwangua."

"Kwani yule mwenzangu, mke wa mchoraji, si alimkwangua?"

"Alikwangua shaba! Wewe utakuwa unabomoa ukuta wa jela."

Lakini mke wa muuza picha hujiona fundi. Jumapili ya kanivali, Wannes akiwa kanisani, alichukua kisu chembamba cha mumewe akaanza na yale mabega, akapanda shingoni, akakwangua macho yaliyokuwa yanamtazama bila kupepesa, akakwangua huku harufu ya urujuani ikimjaa kooni na nje ngoma zikipita na vumbi jeupe la karatasi likimpanda mikononi, kifuani, usoni, joto kama pumzi ya mtu aliyemsogelea mno, mpaka pakabaki peupe.

Akajifuta uso.

Wannes aliporudi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamtazama. Alimtazama yeye. Miaka tisa alikuwa amengoja mtazamo ule.

"Umependeza mno leo," alisema kwa sauti ya kijana.

"Mwongo wewe," alijibu, machozi yakimlengalenga.

Akamkumbatia. Akamshika shavu kwa upole, vidole vikateremka taratibu hadi chini ya taya, vikaanza kupapasa, kama vinavyotafuta kitu.

"Haya, mpenzi, kivue kinyago sasa," alinong'ona. "Tuko peke yetu. Sura ya mke wangu nimeichoka."

"Wannes, ni mimi."

"Najua ni wewe."

Na chini ya sikio lake, ukucha ukapata ukingo wa kushika.