Kamera Inayochelewa

Siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ilipofika, Daon alipewa kazi yake ileile ya kila mwaka: kuosha figili uani huku maji ya baridi yakimng'ata vidole. Jikoni, bibi yake na Bibi Mkubwa, dada yake bibi aliyetoka mji wa Gunsan, walikuwa wakipaka kabichi pilipili. Wazee hao huonana mara moja tu kwa mwaka, na tangu usichana wao hawakuwa na hata picha moja ya pamoja.

"Daon, lete kile kikamera cha mama yako, utupige picha," bibi alisema. "Basi la dada linaondoka saa nane."

Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, tena ya bei rahisi. Daon aliielekeza kwa wazee. "Moja, mbili, tatu!"

"Kimchiii!" waliitikia, neno lenyewe likiwavuta midomo wakatabasamu.

Daon alitazama kioo cha kamera. Mbona hivi? Bibi alikuwa ameshageuka, na Bibi Mkubwa amefumba macho. Akarudia. Safari hii kikatoka kisogo cha Bibi Mkubwa! Lakini si alibonyeza kwenye tatu? Alibonyeza. Na wao si walikuwa wakimtazama? Walikuwa wakimtazama. Sasa hicho kisogo kimetoka wapi?

"Zimetoka?" bibi aliuliza.

"Zimetoka vizuri sana," Daon alijibu, akakimbilia uani.

Binamu yake Gyuho alichungulia kamera akaangua kicheko. "Makubwa haya! Mpiga picha wa visogo!"

"Hebu nitokee hapa!" Daon alifoka. Alikuwa hajui hata alipokosea. Mara akamwona Bibi Mkubwa akivaa koti. Akawakimbilia jikoni.

"Bibi, nimewadanganya," alisema huku analia. "Picha zimeharibika zote, na sijui kwa nini."

Mama yake alichukua kamera, akatabasamu. "Hii haina haraka, mwanangu. Ukibonyeza, inaanza kwanza kuzitafuta sura zao. Inapozipata, wenzako wameshamaliza kusema kimchi! Ukihesabu moja, bonyeza nusu, ushikilie. Taa ya kijani ikiwaka, malizia kwenye tatu. Na uwatoe nje, jikoni kuna giza."

Wazee walisimama uani, shavu kwa shavu. Daon alibonyeza nusu, akangoja taa, akamalizia.

Bibi Mkubwa aliitazama picha kwa muda mrefu. "Jamani, tumezeeka."

"Umezeeka wewe," bibi alimjibu, huku akifuta machozi. Kisha akamvuta Daon karibu. "Mjukuu wangu, kushindwa kupiga picha si kosa. Kosa ni kusema imetoka vizuri. Kwa umri wetu huu, hatuna hakika ya mwakani. Ungekaa kimya mpaka basi liondoke, mimi ningebaki na kisogo cha dada yangu."