Kuza Tena

Haya yalimkuta rafiki yangu, mpigapicha wa gazeti tunayemwita Kidoti, na wanaosema alijitakia sijui aibu waliiweka wapi. Mhariri wake alikuwa amefungia lenzi ndefu kabatini, akampa fupi, kisha akamwambia, "Bila picha ya macho ya fisi, mwanangu, usirudi kazini."

Kidoti akajibanza ndani ya kibanda cha turubai, giza totoro, penye tundu la kupenyeza kamera tu. Kando ya mti, ng'ambo ya bonde, alisimama fisi, mdogo kama punje ya mtama. Akampigia mhariri simu.

"Bosi, yuko mbali mno."

"Si kamera ina kukuza kwa dijitali? Kuza!"

"Itatoka mabakamabaka, bosi. Hiyo inavuta picha tu, haimsogezi mnyama."

"Umesoma sana wewe! Kuza, au nimpe kazi mwenzio."

Akakuza mara mbili, mara nne, mara nane. Picha haikuharibika hata kidogo. Angeweza kuhesabu kope za fisi. Nje, nyasi zikalia chwa, chwa, chwa, zikanyamaza.

"Nimempata," alinong'ona.

"Unaona? Ubishi tu," bosi akacheka. "Kuza tena."

Hakukuza. Alirudisha hadi moja. Bonde likarudi mbali, mti ukawa mwembamba kama njiti. Fisi peke yake hakupungua. Kisha kioo cha lenzi kikashika ukungu wa pumzi, upande wa nje.