Taa ya Daku

Kopo lilianguka katikati ya soko la Arua, mbawakawa wakamwagikia viatu vya Sule, muuza taa wa Koboko, kijana wa kanzu nyeupe iliyonyooka kwa pasi.

"Dada, wadudu yako imekufa."

"Haijakufa. Imelala." Viktoria, mtafiti wa kilimo, alipiga magoti na gauni lake la kitenge cha njano. "Usiku ikirefuka, hata kidogo, homoni yao inakatika. Hawali, hawatagi. Usiku ikifupika, homoni inarudi, wanaamka."

"Na moyo yangu? Imeamka sasa hivi."

"Hiyo iko njaa. Enda kula."

Hakwenda. Ramadhani ya 1995 ilipoingia, soko zima liliwajua kuwa wapenzi.

Kisha mama yake Viktoria akalazwa hospitali ya Kuluva. "Nikae nao mimi, mpenzi," Sule alisema, akabeba kasha la mbawakawa nyumbani.

"Jioni usiwashe taa karibu nao. Wakiamka, kazi yangu ya mwaka mzima imekufa."

Viktoria aliporudi, mbawakawa walikuwa wametaga. Akamfuata Sule kibandani, mbele ya wateja.

"Uliwasha taa ucheze karata! Mwongo!"

"Jioni sikuwasha hata moja." Sule alianza kushusha taa zake. "Tangu sabini na tisa, serikali ya baba zetu ilipoanguka, mtoto wa askari akikohoa tu anaitwa mwizi. Tumekula majani porini Sudan, tukarudi, tumejenga. Leo na wewe?"

Alizifungasha zote, akarudi kwao Koboko.

Mama yake Sule, Mariam Poni, ndiye aliyekuja kwa Viktoria. "Binti, jioni tulikaa giza kama panya. Tuliwasha kidogo tu usiku wa manane, tule daku."

Viktoria akaketi chini. Mwanga mfupi ule ulikuwa umeukata usiku mrefu vipande viwili. Mbawakawa wakadhani usiku umefupika, homoni ikarudi. Sule alisema kweli tupu.

Kesho yake alisimama juu ya benchi, soko la Koboko.

"Nilimwita Sule mwongo mbele ya Arua. Sule haiko mwongo! Mimi nilikosa!"

Sule aliendelea kufuta kioo cha taa, kidevu juu. "Sema tena. Wauza samaki hawajasikia."

Akasema tena, akipaza sauti, hadi wanawake wakapiga vigelegele.

"Sasa shuka, mpenzi. Twende kwa baba yako, nikupose."

"Baba iko katekista, anafundisha dini kanisani, Sule. Atakufukuza."

"Basi na mimi nitasema kwa sauti. Asiposikia, nitasema tena."