Daftari la Chini

Asubuhi hiyo watu walikuwa kumi na tisa na madaftari yalikuwa ishirini.

Theodosia aliyahesabu mara mbili, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukosea jambo dogo kama hilo. Alikuwa mhudumu wa kituo kimoja cha afya katika vilima vya kati ya Kibondo na Kakonko. Jina la kituo nalihifadhi, maana watu bado wanatibiwa pale. Utaratibu wa foleni aliuanzisha yeye mwenyewe. Ukifika, unaweka daftari lako la matibabu mezani, juu ya la mwenzako aliyekutangulia. Saa moja na nusu Theodosia analigeuza rundo zima, la chini linakuwa la kwanza, kisha anaanza kuita majina. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kuchomeka lake katikati, akaambiwa mbele za watu alitoe na aliweke panapostahili. Alilitoa. Watu walimpenda Theodosia kwa hilo, na tuseme ukweli, hata yeye alijipenda.

Siku hiyo aligeuza rundo, akashika daftari la kwanza, akasoma kabla hajafikiri. "Reverien."

"Ndi hano," ikajibu sauti ya mtoto kutoka kwenye benchi, yaani nipo hapa. Maneno mawili tu, lakini msemaji alivuta pumzi mara tatu ili kuyamaliza.

Hakuna aliyesimama. Watu walikuwa wamebanana kama kawaida yao, isipokuwa katikati ya benchi palikuwa na nafasi ya kumtosha mtoto mmoja, na waliokaa huku na huku hawakujua ni nani aliyeiacha. Ikapita harufu ya mawese yaliyopashwa moto, yale wanayopakwa watoto waliobanwa kifua. Theodosia akalitia daftari mfukoni, akaita jina la pili. Mwandiko wa juu ya lile daftari ulikuwa wake mwenyewe, na Reverien alikuwa na miezi kumi na mmoja kaburini.

Alikufa akiwa na miaka minne. Mama yake, Ininahazwe, mkulima wa mihogo, binti wa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia, alimleta asubuhi moja ya masika akiwa mtu wa kwanza kufika, na daftari lake likawa chini kabisa. Kila mtoto alipovuta hewa, mbavu zake zilizama ndani. Kituo kilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito Kibondo. Nusu saa baadaye jirani akaingia mbio amembeba Fidele, mjukuu wa Theodosia, umri uleule na ugonjwa uleule. Fidele alikuwa mtoto wa binti yake aliyefariki kwa uzazi. Theodosia hakuwa na mwingine duniani.

Tabibu Bazilio alimvuta pembeni. Alimwambia kwa upole kwamba amekwisha kupiga simu, mtungi wa pili uko njiani kwa bodaboda, dakika ishirini tu, na yule mtoto wa kwanza anaweza kuvumilia kuliko Fidele. "Nenda ukamwambie mama yake asubiri," alisema. "Wewe wanakuamini."

Akaenda. Alimshika Ininahazwe mkono, akamwambia kwamba zamu yake iko palepale na mtungi wake unakuja. Ininahazwe aliitikia, "Ndiyo, mama," akaacha hata kulia, akakaa. Baada ya saa moja na nusu mtoto aliacha kuhema mapajani mwake. Theodosia alilia naye, akalaani tope, akalaani barabara, akamlaani mwendesha bodaboda ambaye hakumjua hata kwa sura. Ininahazwe alimzika mwanawe, kisha akarudi kwa ndugu zake huko Nyakitonto. Fidele alipona.

Sasa lile daftari Theodosia alilichoma jikoni kwake. Kesho yake lilikuwa chini ya rundo, zima, na mwandiko wake juu. Akajaribu kuliruka bila kulisoma. Siku hizo kila aliyeitwa badala yake alitoka chumba cha tabibu anahema, hata kama alikuja na kidonda cha mguu. Haikuchukua wiki watu wakaanza kugombania kuwa wa mwisho, jambo ambalo halijapata kuonekana katika kituo chochote cha serikali, na waliokuwa wakilicheka mwanzoni wakaacha kucheka. Walinong'ona kwamba kituo kimeingia jini.

Halafu mchana mmoja, jua limewaka na wagonjwa wameisha, Theodosia alikuwa akipiga deki ukumbini aliposikia kile kichupa cha maji kinachopitisha hewa ya mtungi kikibubujika chumba cha pili, taratibu kwanza, kisha kwa haraka, na alipochungulia aliona kitanda kitupu, shuka limenyooka, barakoa ya hewa imelala juu ya mto bila uso, na ndani ya ile barakoa ukungu ulikuwa unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, kwa pumzi fupifupi za mtu mdogo anayepewa hewa kidogo kuliko anayoihitaji.

Waliitwa watu wa maombi. Alikuja Maximilla, mama mzima mwenye sauti ya chini, ambaye vilima vyote vilimjua kwa kutoa mapepo. Aliomba kuanzia saa nne hadi saa saba, akanyunyiza maji kila pembe, kisha akaketi kwenye benchi kando ya ile nafasi tupu, akainamisha sikio kama anayesikiliza. Mwishowe alimuuliza Theodosia mtoto aliahidiwa nini. Theodosia akaeleza habari za mtungi wa pili uliokwama kwenye tope.

"Jini ningelitoa," alisema Maximilla. "Huyu siwezi kumfukuza. Huyu yuko kwenye foleni." Akageuza uso, akamtazama Bazilio. "Anayejua kwa nini hakuitwa, na aseme."

Bazilio aliondoka kama mtu aliyekumbuka kazi. Theodosia akamfuata hadi stoo, akafunga mlango.

"Yule bodaboda alikwama wapi?" aliuliza.

Bazilio alikuwa anapanga maboksi ya glovu yaliyokwisha kupangwa. "Hakukuwa na bodaboda, mama."

"Ulipiga simu."

"Sikupiga. Kibondo nako mitungi ilikuwa imekwisha, nilijua tangu jana yake." Akageuka, macho mekundu. "Ulinipokea hapa sina hata godoro. Ulinilisha miezi mitatu. Ningekuangaliaje Fidele akifa? Na ungejua hakuna mtungi wa pili unaokuja, ungemwita wa kwanza. Nakufahamu."

Hapo ndipo palipomuuma. Miaka yote ile ya kugeuza rundo, Bazilio alikuwa ameijua vizuri, akaitumia. Mtu mwingine yeyote angemwambia Ininahazwe asubiri, Ininahazwe angepiga kelele, angembeba mwanawe hadi barabarani, angefanya lolote. Alitulia kwa sababu aliyesema ni Theodosia.

"Uongo ulikuwa wako," alisema, "ukautoa kwa mdomo wangu."

Bazilio alimwomba msamaha. Theodosia alijua kwamba amesalitiwa na mtu aliyemwita mwanangu, na kwamba usaliti huo ndio uliomwachia mjukuu. Hakuweza kumshukuru, hakuweza kumlaani. Alifungua mlango akatoka.

Jumatatu Fidele alibanwa tena. Theodosia alifika naye mgongoni akamkuta Bazilio na watu kumi na watatu. Gari la wagonjwa alilipigia mwenyewe safari hii, kwa mkono wake, na dereva akasema angefika baada ya saa mbili. Mtungi ulikuwa uleule, mshale umebaki robo. Aliliweka daftari la Fidele juu ya rundo, mahali pake.

"Tumwingize moja kwa moja," alinong'ona Bazilio, akimchukua mtoto. "Mama, tafadhali. Nani atakuuliza?"

"Mimi," alisema Theodosia.

Aligeuza rundo. Alimchukia Bazilio kwa moyo wote, kwa kuwa alikopesha zamu ya mtoto mwingine na sasa anayelipa ni Fidele. Maximilla alisema mtoto yuko kwenye foleni. Basi aitwe. Theodosia aliita, "Reverien," akaitikiwa, akatangulia kuingia chumbani, na nyuma yake akasikia nyayo ndogo zilizolowa zikigusa saruji.

Alifungua koki. Aliishika barakoa kwa mikono miwili juu ya mto, pale ambapo uso wa mtoto ungekuwa, na uzito ukaja ndani yake, uzito wa kichwa kidogo kinachojiegemeza, na ukungu ukaijaa, na mshale ukaanza kushuka, na huko nje alikuwa anamsikia Fidele akihema mikononi mwa Bazilio na humu ndani alimsikia mwingine, mmoja akivuta mwenzake akitoa, kisha wote wawili wakivuta pamoja, kisha pumzi zikaingiliana hata hakuweza kujua ni ya nani iliyo nje na ni ya nani iliyo ndani, akawa anaomba kwa Kiha na kwa Kiswahili na bila lugha yoyote, mpaka pumzi moja ikakatika na barakoa ikawa nyepesi, kavu.

Mshale haukuwa umefika sifuri. Theodosia alikimbia nje.

Fidele alikuwa amekaa wima magotini mwa Bazilio. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa utulivu, midomo ina rangi, macho maangavu. Bazilio alikuwa analia na kucheka. "Amepona, mama," alisema. "Hata hewa haitaki. Umeona?"

Theodosia alinyoosha mikono. Mtoto alijivuta nyuma kidogo, kwa adabu, jinsi watoto wanavyowaogopa watu wenye sare wanaochoma sindano. Tangu aanze kusema alikuwa amemwita bibi, na hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita mama.

"Daktari," alisema, "mama amekwenda wapi? Aliniambia nisubiri hapa."

Theodosia alichuchumaa mbele yake. Akamuuliza mama yake anaitwa nani, na mtoto akataja jina bila kusitasita.

Alitoa simu. Bazilio, ambaye alikuwa ameacha kucheka, alimuuliza anampigia nani. Upande wa Nyakitonto ikapokelewa, na Ininahazwe akasema haloo, haloo, nani mwenzangu. Theodosia alishindwa kujitaja, kwa sababu mtoto alikuwa ameisikia ile sauti na ameanza kuinyooshea mikono.