Ubao wa Tatu

Ndoo ya mwisho ya samaki wadogo ilishikwa na mikono miwili kwa pamoja, na hakuna aliyetaka kuachia. Mkono mmoja ulikuwa mgumu, umejaa makovu ya sindano. Wa pili ulivaa glavu iliyokatwa vidole.

Soko la Kastoria, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Ugiriki, lilikuwa limefurika asubuhi hiyo ya Januari. Wauza kabichi walikuwa wakiitana, watu wakisukumana, pumzi zikitoka vinywani kama moshi.

"Mama, mimi ndiye niliyeshika kwanza," alisema Naoum.

"Nimekuzaa lini?" mwanamke akajibu bila kumtazama. "Na samaki wanaonuka hivi utampikia nani?"

"Sipiki. Nina wageni."

"Wageni wenye mfuko chini ya mdomo?"

Hapo Naoum akageuka amwangalie vizuri. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, skafu ya njano, koti la kijani limemfika magotini, kamera inaning'inia kifuani. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi, na ikampendeza.

"Wewe ndiye wa mashua ya bluu," akasema mwanamke. "Unawaharibu wari kwa kuwarushia samaki."

"Na wewe samaki hao ni wa nini?"

"Kuwarushia wari." Akacheka mwenyewe. "Basi tugawane. Ndoo yangu, mashua yako."

Jina lake Fani, muuzaji wa duka la dawa pale mtaa wa juu. Kila dakika aliyoachwa huru na kazi aliitumia ziwani, akipiga picha za wari, wale ndege wakubwa weupe ambao mwisho wa baridi mfuko wao wa mdomo hugeuka rangi ya kaa la moto.

Naoum alikuwa mgane. Miaka thelathini alishona vipande vya ngozi za manyoya, vile vidogo vinavyoanguka chini mafundi wakikata makoti, akivigeuza vitambaa vizima. Kisha matajiri wakahamisha mashine nje, na wakubwa wa serikali wakaja, wakala chakula cha mchana, wakaahidi, wakaondoka. Mkewe Vaso alikufa akingoja kitanda hospitalini, wakubwa haohao wakingoja bajeti. Hivyo ndivyo Naoum alivyoona mambo, na hakumficha mtu. Sasa aliwapeleka wapiga picha ziwani, na wakubwa wakamdai kibali hata kwa hilo.

Mashua yake bapa ilikuwa na mbao tatu za kukalia. Wa nyuma ulikuwa wake, na kasia. Wa kati ulikuwa wa wateja. Wa mbele ulikuwa wa Vaso, na tangu azikwe hakuna aliyeukalia. Fani alipanda siku ya kwanza, akauruka wa kati, akaketi mbele. Naoum akamwacha, akapiga kasia.

Toka hapo ikawa kila asubuhi ya mapumziko ni wao wawili, ukungu na milima yenye theluji. Fani alikaa akiwaelekea ndege, mgongo kwa Naoum, mpaka Naoum akakijua kisogo chake kuliko uso wake.

"Geuka kidogo nikuone, macho yangu."

"Ngoja, roho yangu. Huyu dume anainua mabawa."

"Hata mimi naweza kuinua mabawa."

"Wewe utaizamisha mashua."

Alikuwa na wivu hata kwa wari, lakini huo ulikuwa wivu mtamu. Mchungu ulifika Februari, na jina lake lilikuwa Stratos.

Stratos alitoka jiji la Thesaloniki. Alikuwa na ndevu zilizochongwa, viatu vya mlimani na lenzi ndefu kama bomba la jiko. Alikuwa daktari wa wanyama, rafiki wa zamani wa Fani, na alimwita kwa jina la kumdekeza, "Fanula", mbele za watu.

"Anajua ndege, huyu," Fani alisema jioni moja kwenye simu.

"Na mimi najua nini? Mbuzi?"

"Wewe unajua kununa. Lala salama."

Alhamisi ya wiki ya mwisho ya kanivali, Naoum aliingia mgahawani kwa Lazos kunywa kahawa. Lazos alikuwa ametundika picha mpya ukutani: mwari mmoja katikati ya matete, mfuko mwekundu kama kaa, na nyuma yake mti uliochomekwa majini, umefungwa kamba ya bluu.

"Nzuri, eh?" alisema Lazos. "Ya yule daktari."

Naoum akaisogelea. Mti ule aliuchomeka mwenyewe. Uwazi ule ndani ya matete hakuuonyesha mtu yeyote duniani ila Fani. Na mfuko mwekundu kiasi hicho haukuwapo wiki iliyopita. Rangi ile ilianza Jumapili, si kabla, na tangu Jumatatu Fani alikuwa dukani. Na Jumapili Fani alisema yuko Thesaloniki kwa dada yake.

Alitoka nje bila kunywa kahawa, akapiga simu.

"Ulikuwa wapi Jumapili?"

"Kwa dada. Si nilikwambia?"

"Dada yako ana matete sebuleni?"

"Naoum..."

"Na wari wanakaa wapi, kwenye kochi? Nimeona picha, Fani. Nimeona mti wangu."

"Niache nikueleze tukionana. Si kwenye simu."

"Mweleze huyo anayekuita Fanula," akasema, akakata.

Simu ililia mara nyingi siku ile na kesho yake. Aliiacha ilie. Alikaa kitandani na koti lake, akiwaona wawili hao ndani ya matete: Stratos anamwekea Fani mkono begani amwonyeshe ndege, Fani anageuka. Kwake hakugeuka. Kwa yule, kichwani mwa Naoum, aligeuka kila mara.

Jumamosi asubuhi wapiga picha walijipanga ufukweni, Stratos katikati yao, Fani pembeni yake na skafu ya njano. Jua lilikuwa linachomoza juu ya theluji, na wari wote walikuwa wamekusanyika kwenye maji yanayong'aa. Ni asubuhi ambayo wapiga picha huiota mwaka mzima. Naoum akatoka na mashua nyuma ya matete, akaingia katikati ya ndege, akiyapiga maji kwa kasia kama anayefua mablanketi. Wari wakainuka wote, wakazunguka mara moja, wakaenda upande wa pili wa ziwa.

Watu ufukweni walimtukana. Stratos alishusha lenzi. Fani alifunga kamera, akaondoka. Hilo ndilo lililomchoma Naoum.

Jumapili jioni mioto iliwashwa katika viwanja vyote vya mji, kama ilivyo kila mwaka kabla ya mfungo wa Kwaresima. Kila nyumba ilileta kuni. Ngoma na tarumbeta zilikuwa zinalia, na watoto, mikono nyuma, waliruka na midomo wazi kuikamata haluwa inayoning'inia kwenye uzi. Usiku huo mdogo humwinamia mkubwa na kusema "nisamehe", na mkubwa hujibu "Mungu akusamehe", ili watu waingie kwenye mfungo wakiwa wepesi.

Naoum aliketi kwenye benchi, ameshika glasi yake. Alimpita Fani miaka minane. Mkubwa ni mimi, alijisemea. Aje yeye.

Na Fani akaja, Stratos nyuma yake na gunia. Akainama mbele ya benchi, watu wakitazama.

"Nisamehe. Nilikudanganya. Sikuwa kwa dada."

Naoum akainua kidevu. "Najua hukuwa."

"Hujui. Stratos, mwonyeshe."

Kilichotoka ndani ya gunia ni wavu, umekatwa vipandevipande, una manyoya meupe ya ndege na damu iliyokauka. Kwenye kila boya palifungwa kipande cha ngozi ya minki, mnyama wa makoti ya thamani, kimeshonwa kwa mkono. Hakuna mtu Kastoria ila Naoum aliyetia alama nyavu zake hivyo. Ni wavu aliouacha matetini tangu vuli kwa uvivu, na sheria ilikataza.

"Mwari wako alinasa humo bawa zima," Fani akasema taratibu. "Wangeuona wale wa vibali, ungepokonywa mashua siku hiyohiyo. Nilimwita mtu wa kumtibu anayejua kufunga mdomo. Tukaazima mashua ya jirani. Tulipomwachia akiwa mzima, Stratos akapiga picha moja. Picha moja, Naoum."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeenda kuutoa mchana kweupe ukiwatukana wakubwa kwa sauti. Nakujua."

Watu wa karibu wakacheka, maana nao walimjua. Naoum akaweka glasi chini. Akasimama, akavua kofia, kisha yeye mkubwa akainama mbele ya mdogo, kichwa karibu kigonge magoti ya Fani. Vicheko vikakatika.

"Nisamehe."

"Mungu akusamehe."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka. Niulize asubuhi." Kisha akaelekeza kidevu kwa Stratos.

Hilo lilikuwa gumu zaidi. "Samahani, kijana."

"Hamna neno, mzee."

Neno *mzee* lilimwingia kama mwiba, lakini alilimeza. Alienda zake ziwani, akarudi na kipande kirefu cha mbao begani, akakitupa motoni kama mchango wa nyumba yake.

Asubuhi simu ililia mapema.

"Stratos anaondoka leo," alisema Fani. "Anaomba tumpeleke ziwani mara moja."

"Aje tu."

"Kweli?"

"Mlete."

Walipofika gatini, Stratos aliitazama mashua, akamtazama Naoum, akaitazama tena mashua.

"Ubao wa kati uko wapi?"

"Jana moto ulitaka kuzimika," alisema Naoum.

Stratos alicheka mpaka akaegemea nguzo, akasema atapiga picha zake ufukweni, hana neno. Fani alibaki gatini, midomo ameibana.

"Wewe mwanaume hutapona."

"Sitapona. Ila huo wa mbele nimeupigilia misumari mipya. Ukiukalia leo, ni wako mpaka mmoja wetu azikwe. Ukibaki hapo ulipo, sitauliza tena."

Mbele yao wari walikuwa wamerudi, weupe juu ya maji meusi, mifuko inawaka. Fani akawatazama. Kisha akashuka taratibu, akaishika mashua isitikisike, akaketi kwenye ubao wa mbele, uso kwake.

"Ndege wako nyuma yako," alisema Naoum.

"Nawajua. Piga kasia."